Ashitakiwe, lakini kama mtoto

Swali linaloulizwa ni kama watoto wa miaka 15 au 16 wanaoua au kubaka washitakiwe kama watu wazima. Wengi wanajibu ndiyo, na hasira yao naielewa. Dar tuliiona 2022, vijana wa genge la Panya Road walipovamia nyumba usiku na mapanga. Aliyeshonwa kichwa hana haja ya kujua mvamizi wake alizaliwa lini.

Lakini tusidanganyane kwamba sheria inawaachia tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto na hafungwi jela, ila akipatikana na hatia anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Na kesi ya mauaji haiishii Mahakama ya Watoto, inakwenda Mahakama Kuu.

Kinachoniuma mimi ni umri wenyewe. Kijana hana cheti cha kuzaliwa, mama anakumbuka tu kwamba ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, askari anamtazama ndevu anaandika 19. Basi, kijana analala mahabusu na majambazi wazoefu, na huko ndiko anakomalizia mafunzo. Hakimu adai kadi ya kliniki, amwite daktari, amsikilize afisa ustawi wa jamii, kabla ya hatua nyingine yoyote.

Na wale watu wazima wanaonunua simu na televisheni zilizoporwa, mbona hatusikii wakisomewa mashtaka? Polisi waanze nao.