Mzee wa kamera wa Mji wa Kale

Katika tangazo lenu la kifo mmeandika mistari miwili tu kuhusu mzee aliyejitolea kufundisha vijana picha Mji wa Kale, Mombasa. Inna lillahi. Sisi wanafunzi wake tunamkumbuka Jumamosi alfajiri nje ya Fort Jesus, kamera yake ya Zenit shingoni, ile ya Kirusi nzito kama tofali. Mkanda wa filamu una picha 36, na ole wako upoteze moja! “Ngoja jua lifike mlangoni,” alikuwa akisema, nasi tunangoja mpaka nakshi zitoe vivuli. Senti hakudai; nauli ya matatu mara nyingi alitoa yeye. Mimi niliwahi kuiangusha kamera yake mchangani. Akaipuliza, akaipangusa kwa ncha ya kikoi, akanirudishia mkononi: “Haya, piga.”