Kabla ya kumchukua mbwa, niambie Desemba utakuwa wapi

Wiki iliyopita mwenzangu kazini aliniuliza wapi atapata mtoto wa mbwa. Amepanga nyumba ya vyumba viwili huko Kyaliwajjala, pembeni mwa Kampala, ua mdogo upo, geti linafungika, na wanawe wamemng'ang'ania tangu likizo. Sisi tunahudumia mizigo inayopita Malaba na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, Kiswahili ndicho kinachotulisha, na mazungumzo marefu tunayafanya tukisubiri karatasi za forodha. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, Desemba utakuwa wapi?"

"Nyumbani, Mbale. Wiki mbili, labda tatu."

"Na mbwa je?"

Akanyamaza.

Swali hilo nilifundishwa na mbwa wangu wa kwanza, Simba. Nilimchukua akiwa na miezi miwili, nikampenda kweli. Krismasi ilipofika nikapanda basi kwenda kwetu Busia kwa siku 12. Kijana mmoja wa pale uani nilimwachia shilingi 40,000 za unga na mukene, wale dagaa wetu, nikamwonyesha sufuria na kiasi cha maji. Sikumuuliza kama yeye naye ana kwao. Alikuwa nako, na tarehe 24 alfajiri akaondoka.

Niliporudi nilimkuta Simba nyuma ya jiko. Mnyororo ulikuwa umejizungusha kwenye mpera mpaka akabakiwa na nafasi ya hatua moja. Bakuli lake la maji, nusu ya dumu la njano niliyoikata mwenyewe kwa kisu, lilikuwa kavu, na ukingo wake umetafunwa wote. Jirani alikuwa akimrushia makombo juu ya ukuta, ndiyo maana alikuwa hai. Chini ya ukosi ngozi ilikuwa imechubuka mpaka nyama, na ndani ya kidonda mlikuwa na funza. Aliponiona alitikisa mkia.

Kidonda kilipona, lakini manyoya ya pale shingoni hayakurudi tena, na nilikitazama kipara kile kila nilipomlisha kwa miaka yote aliyobaki. Kwa hiyo mtu akiniambia anapenda wanyama, namwamini, ila halijanitosha. Simba alipendwa. Alichokosa ni mtu wa kubaki naye nisipokuwepo. Kwa mtazamo wangu, utayari wa kufuga hupimwa kwa siku zile usizokuwepo nyumbani: unaposafiri, unapolazwa, unapofiwa ukakaa matanga juma zima, unapofanya kazi mpaka saa nne usiku. Kama hakuna mtu mwenye jina, aliyekubali kwa kinywa chake na anayejua anachokubali, bado hujawa tayari. Nasema hivi nikijua kuwa Kampala ya mwisho wa mwaka huhama karibu yote kwenda vijijini, na mbwa hawapandi mabasi.

Hesabu nyingine ni ya miaka. Mbwa anayetunzwa huishi miaka 10 hadi 13, na paka anaweza kupita 15. Mtoto wako akiwa P1 leo, darasa la kwanza, yule mbwa anaweza kuwa bado yupo siku mtoto anapomaliza S6, mwisho wa sekondari. Katikati hapo utahama nyumba mara ngapi? Wenye nyumba wengi wa mizigo yetu, vile vyumba vilivyopangana mstari mmoja na bomba moja la maji, hawataki mbwa, na mpangaji akihamishwa ghafla, mbwa ndiye anayeachwa getini. Zungumza na mwenye nyumba kabla, si baada ya watoto kumpa jina.

Fedha sitazizungusha. Posho, yaani ugali, na mukene mbwa anakula, na utumbo wa ng'ombe ukipatikana ni sikukuu kwake, lakini ni kila siku, hata tarehe 27 mshahara haujaingia. Kuna dawa ya minyoo, ambayo mtoto wa mbwa huanza kuipata akiwa na wiki mbili na kurudia kila wiki mbili mpaka atimize miezi mitatu. Kuna kupe, na kwetu kupe si wadudu wa kuwasha tu, huleta homa inayoua. Kuna chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu ambao unaweza kumaliza watoto wa mbwa wa tumbo moja kwa siku chache. Usipoweza kumwita daktari wa mifugo leo bila kukopa, subiri mwaka mwingine. Si aibu kusubiri.

Ila chanjo ya kichaa cha mbwa siiweki kwenye fungu la gharama. Hiyo ni haki ya majirani zako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Na wanaong'atwa sana ni watoto, kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa na kuficha wakijeruhiwa. Nimewahi kushika mkono wa mtoto wa jirani chini ya bomba, aliyeng'atwa na mbwa wa kupita njia. Inatakiwa kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha kwenda hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Dakika 15 za mtoto anayelia ni ndefu kuliko unavyodhani. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, halafu kwa ratiba ya daktari. Anayefuga mbwa bila chanjo hii anawahatarisha watu ambao hawakuulizwa.

Ukichukua jike, panga mapema kumfunga kizazi. Huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba yake ni siku 63 hivi, na watoto sita si ajabu. Wale sita watakwenda wapi? Jibu unaweza kulikuta asubuhi kwenye jalala, ndani ya boksi la sabuni.

Wapo watakaoniambia nakuza mambo, mbwa ni askari wa nyumba tu. Sikubaliani. Mbwa anayefungwa mchana kutwa ili awe mkali usiku huishia kuwa mwoga, na mwoga hung'ata yeyote, hata mwenye nyumba. Kama unachohitaji ni ulinzi peke yake, imarisha geti, weka taa.

Na kwa ndugu zangu Waislamu, au unayepakana ukuta na familia ya Kiislamu: mate ya mbwa ni jambo zito kwao, mwenzio anaswali uani. Fikiria paka. Wengi wetu tumekua tukisimuliwa hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mimi si Mwislamu, ila hadithi ile ilinirudia siku ile nyuma ya jiko.

Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna mradi unaoitwa Comfort Dog Project, unaowakutanisha watu walioumizwa na vita na mbwa waliookolewa. Mwanzilishi wake mmoja, Francis Okello Oloya, alipofushwa na bomu akiwa mtoto, na shuleni mbwa walikuwa wakimsindikiza usiku kwenda chooni. Ninachokipenda pale ni kwamba hupewi mbwa ukaondoka. Kuna mafunzo kwanza, wiki kwa wiki, mtu na mbwa pamoja. Kampala nako, ukienda USPCA, chama cha kutunza wanyama, wapo mbwa na paka wanaosubiri watu. Anzia huko kabla ya kununua mtoto wa mbwa barabarani, ambaye hujui ameachishwa ziwa lini.

Mwenzangu alinipigia Alhamisi. Dada yake anayebaki Kampala amekataa, ana mtoto mchanga, na mwenye nyumba anataka kwanza ukuta uinuliwe. Akasema mwaka huu hapana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nikamwambia ninaye Pili, jike niliyemchukua baada ya Simba, na Jumapili asubuhi huwa namtembeza kwenye njia ya kinamasi.

Alikuja na wanawe wawili na kipande cha ini kwenye mfuko wa kaveera. Mdogo alishika kamba kwa mikono miwili, Pili akamvuta mpaka topeni. Waliporudi aliuliza kama wanaweza kuja tena Jumapili ijayo. Nikamwambia waje na gambuti.