Bustani za makasri: mzingile ubaki, mikeka ya maua tuijadili

Huko Ulaya kuna ubishi wa miaka mingi kuhusu bustani za makasri, zile ambazo majani yamekatwa kama yamepimwa na rula, vijia vya kokoto, maua yamepangwa kama ukili wa mkeka, halafu pembeni kuna mzingile wa ua wa miti, unaingia mwenyewe kwa miguu yako na kutoka hujui unatokea wapi. Kuna wanaosema huu ni urithi utunzwe hata kama ni ghali, na kuna wanaosema hizi zilikuwa sifa tu za wafalme, wameshakufa, sasa kwa nini leo watu walipwe kunyoa miti yao. Mi naona wote wanakosea sehemu moja, wanaichukua bustani nzima kama kitu kimoja wakati siyo.

Wanaopinga wana hoja kwa kweli. Angalia Versailles, kasri la mfalme Louis XIV wa Ufaransa, maji hayakutosha kabisa, ikabidi wajenge mtambo mkubwa wa kupandisha maji kutoka mto Seine, ukazinduliwa 1684, na bado chemchemi zote hazikuweza kuruka kwa pamoja, kwa hiyo vijana wa bustani wakawa wanapigiana miluzi, mfalme akikaribia wanafungulia huku, akishapita wanafunga haraka wanafungulia kule. Yaani shughuli yote hiyo ili mtu mmoja asione chemchemi kavu! Na hapo hapo palikuwa na mzingile wenye chemchemi 39 za hadithi za wanyama za Esopo, Mgiriki wa kale, wanyama wanatema maji kila kona, ukabomolewa miaka ya 1770 kwa sababu matengenezo yalikuwa ghali mno. Wenyewe wenye hazina ya Ufaransa walishindwa.

Halafu kuna suala la magonjwa. Ile mistari mifupi ya kijani inayochora maumbo chini mara nyingi ni mmea unaitwa boksi, na huo sasa hivi una kuvu wanaukausha, pia kuna nondo kutoka Asia ya mashariki ambaye alionekana Ujerumani 2007 akasambaa karibu Ulaya yote, viwavi wake wanaweza kuacha ua mzima umebaki vijiti.

Upande wa pili nao wana mfano mzuri, kasri la Villandry kule bonde la Loire, Ufaransa. Joachim Carvallo aliinunua 1906 ikiwa na bustani ya mtindo wa Kiingereza, miti na nyasi tu zimeachiwa, akaiondoa akaweka miraba, na ndani ya miraba mboga, kabichi zimepangwa kwa rangi kama kanga. Leo watu wanaifuata bustani kuliko hata kasri lenyewe. Sawa, inalipa, ila hapo ndipo ninapokwama kidogo na neno "kurudisha", maana unarudisha ipi? Kasri la Het Loo kule Uholanzi, walipoirudisha bustani ya karne ya 17, kazi ikaisha 1984, ilibidi waifukue ile ya karne ya 19 iliyokuwa imelala juu yake. Na ile nayo si ilikuwa historia ya mtu?

Sasa hoja yangu. Ile mikeka ya maua ilichorwa itazamwe kutoka juu. Mwenye nyumba alikuwa anafungua dirisha la ghorofani anaona mchoro wote, wewe uliyekata tiketi uko chini kwenye kokoto, unachoona ni ua mfupi wa kufika magotini na maua ya mstari wa mbele basi. Lakini mzingile hauna dirisha, unakuwa mzingile pale tu mtu anapoingia, na ukiingia wewe na mwenye kasri mnapotea sawasawa.

Na gharama zake siyo za kutisha hivyo. Ule wa kasri la Hampton Court karibu na London ulipandwa kama mwaka 1700 enzi za mfalme William III, uko kwenye theluthi moja tu ya eka ila njia zake zinafika kama mita 800, na umeshazikwepa zama zote, hata Capability Brown, yule fundi aliyefumua bustani nyingi sana za miraba Uingereza, alikuwa anaishi jirani yake kabisa kama mkuu wa bustani za mfalme na inasemwa mfalme wa wakati wake alimkataza asiuguse. Kule Chatsworth, jumba jingine la kifahari la Uingereza, walikuwa na jumba kubwa la vioo la mimea ya nchi za joto, vita vya kwanza vya dunia vilipofika makaa ya kulipasha hayakupatikana, mimea ikafa, jumba likavunjwa 1920, na 1962 mahali pake wakapanda mzingile wa miti 1,209. Mkasi na ngazi, makaa hayahitajiki.

Mzingile nao una kasoro zake. Watu wakichoka kupotea wanapenya katikati ya ua, matundu yanabaki, na kwa Hampton Court ujanja unajulikana, weka mkono kwenye ua wa upande mmoja usiuinue, utafika tu. Ndo maana wale wa Longleat, huko huko Uingereza, 1975, walipanda miti zaidi ya 16,000 na kuweka madaraja ya mbao, mtu unamwona mwenzako pale juu anakupungia mkono na kumfikia huwezi.

Kwa hiyo mimi nikipewa bajeti ya kasri na haitoshi, boksi likishaliwa na nondo silipandi tena, hapo naweka nyasi watoto wacheze mpira, na ile hela namlipa mtu mwenye mkasi kule kwenye mzingile.