Nani Anachoma Korosho za Tajiri?

Tulikuwa tumeiacha Nyangao, tunashusha korosho Mtwara, moshi ukanifika puani. Mkali, wa kuwasha macho, vilevile kama bibi yangu akichoma korosho na maganda yake. Kwenye kioo simwoni utingo, yuko juu ya magunia. Nikasema tayari, huyu mshenzi anachoma mali ya tajiri ndani ya gari la tajiri!

Gari lenyewe zito tangu Ndanda. Nakanyaga mafuta, Canter inajivuta kama ng'ombe anayepelekwa machinjioni. Nikalaumu mzigo.

Nikashuka na spana ya tairi mkononi. Utingo kalala, mdomo wazi. "Suka, unaunguza nini?" akaniuliza yeye!

Moshi ulitoka tairi la nyuma kushoto. Nikaigusa ngoma ya breki kwa kiganja kizima, kama mtu anayempima mtoto homa. Maneno niliyotoa hapo siyaandiki. Utingo akanyanyua dumu aimwagie maji. Nikamzuia, chuma cha moto namna ile kikipigwa maji kinapasuka. Ndiyo akili pekee niliyotumia siku ile. Akarusha matone tu. Kushoto, chwaaa! Kulia, kimya.

Tulisubiri ipoe, tukajikokota mpaka Mnazi Mmoja kwa mzee mmoja fundi. Nikamwambia labda nimesahau handibreki. Akacheka: ya Canter hii inashika propela, ule mhimili unaozungusha tairi za nyuma, haihusiani na tairi moja. Akapiga jeki, tairi halizunguki. Akalegeza nipeli ya kutolea upepo, mafuta ya breki yakachuruzika, tairi bado limegoma.

"Presha ingekuwa imenasa kwenye paipu, lingeachia. Hapa pamekazwa."

Akapenyeza bisibisi kwenye kitundu cha nyuma ya ngoma, akawa anarudisha kile kigurudumu cha meno kinachokaza breki, jino moja moja, anahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na nne, tairi likazunguka.

"Nani kakaza hivi?"

"Fundi mmoja wa Masasi," nikawahi. "Wahuni wale, mzee wangu."

"Si wewe jana jioni, suka?" utingo akadakia. "Mimi nimekushikia tochi. Ukasema elfu kumi ya fundi ya nini."

Mzee akaniangalia. "Na kulia mbona hukukaza?"

"Kulia kulikuwa na tope."

Akafuta bisibisi taratibu. "Elfu ishirini."

Nikampa kwa mkono wa kushoto, akanitazama kama sikulelewa. Wa kulia ulikuwa ndani ya ndoo.