Kitufe cha fowili

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani. Nalisema mapema ili ieleweke kwamba Jumapili ile, kwenye gari letu, kulikuwa na mtu mmoja tu anayeijua bahari, na mtu huyo tulimkalisha kiti cha nyuma kabisa akiwa amepakata sufuria la pilau.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Maji ya kwetu yako kisimani au bwawani Igombe, na yakikaa mahali yamekaa. Hayana tabia ya kuondoka asubuhi na kurudi mchana bila kuaga.

Mama alikuja Dar kuonana na daktari wa macho, akatufikia Tabata. Mke wangu akasema Jumapili tumpeleke ufukweni akapunge upepo. Mama mwenyewe akasema upepo wa Pangani unamtosha, angependa zaidi kuzunguka Kariakoo aone vitambaa. Kura yangu ikaamua ufukweni, maana nilikuwa na gari la fowili, lile linalosukumwa na tairi zote nne, na sikuwa nimepata mahali pa kulionyesha.

Gari lenyewe ni Noah. Nililipata kwa dalali mmoja, kijana mwenye ulimi mtamu na viatu vinavyong'aa. Nyuma lilikuwa na stika ya fedha imeandikwa 4WD. Ndani, karibu na redio, lina kitufe chenye mistari mitatu iliyopindapinda. Ukikibonyeza, kitaa cha rangi ya chungwa kinawaka. Nilimuuliza dalali ile mistari maana yake nini, akaniambia ni matope. "Hapo bosi ukibonyeza, tairi zote nne zinaamka. Unapanda hata Kilimanjaro." Kwa ajili ya kitufe kile niliongeza shilingi 1,500,000 juu ya bei. Mke wangu aliuliza Kilimanjaro tunakwenda kufanya nini, swali ambalo niliona halina nia njema.

Masika yote nimekitumia. Mvua ikianza tu, nabonyeza, na gari nalisikia kabisa limeshika barabara.

Basi tukatoka, mimi, Mama Nasra, Nasra, mdogo wake Kadiri na mama. Tulipita Daraja la Nyerere pale Kurasini, lile lililofunguliwa mwaka 2016. Njia ya pantoni mama aliikataa, akasema hapandi chombo asichomjua nahodha wake. Kadiri alitaka tusimame katikati ya daraja atupe kipande cha mkate baharini kwa samaki. Tukavuka, tukaipita Mjimwema, tukaingia Gezaulole kama saa nne asubuhi.

Sasa, uwanja niliouona pale sijawahi kuuona. Maji yalikuwa yameondoka yakaenda zake huko, yakaacha mchanga mweusi, mgumu, umebanwa sawasawa kama sakafu ya sementi. Mashua zimelala ubavu. Watoto wanapiga mpira mahali ambapo kwenye ramani ni bahari. Nikabonyeza kitufe, nikateremsha gari kutoka kwenye minazi, nikapita mchanga laini kwa mwendo, nikalipeleka mpaka chini kabisa. Nikashuka nikalipiga picha ubavuni, mawimbi yakionekana kwa mbali, nikairusha kwenye kundi la ukoo.

Mama akashuka taratibu, akatazama bahari, akatazama angani.

"Mkwe, mwezi umeandama lini?"

"Sijui, mama."

"Umeandama juzi. Leo bamvua."

"Alhamdulillahi," nikajibu, maana kwa jinsi alivyolitamka nilidhani ni sikukuu.

Akanieleza kwa upole. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, maji hutoka sana na hujaa sana. Katikati ya hapo ndiyo maji mafu, yanasogea kidogo tu. Na pwani hii yetu, siku ya bamvua, yakiwa yametoka saa nne asubuhi, saa kumi alasiri yamejaa pomoni. Mita tatu na zaidi, kwenda juu. Nikageuka kuyaangalia hayo maji yenyewe. Yalikuwa mbali kiasi kwamba katikati pale mtu wa Dar angeshapima viwanja akauza.

"Tutakuwa tumeshaondoka, mama."

Hakubisha. Alitandika mkeka wake juu, kwenye kivuli cha mnazi, akaketi na tasbihi.

Ninavyojua sasa ni kwamba mtu mzima wa pwani habishani nawe. Anahamisha mkeka. Saa saba niliona kauvuta nyuma kidogo. Baadaye nikatazama tena, kauvuta tena, na safari hii amehama na sufuria. Mimi nilikuwa nawafundisha watoto kuogelea, kazi ngumu kwa mtu ambaye mwenyewe anaishia magotini, kwa hiyo sikutilia maanani. Mama Nasra ndiye aliyeita.

"Baba Nasra! Gari!"

Wimbi lilikuwa linaramba tairi za nyuma. Linaramba, linarudi, linaramba tena.

Tukapakia kila kitu mbio mbio. Mama akarudi kiti chake cha nyuma na sufuria lake, nikabonyeza kitufe, kitaa kikawaka, nikakanyaga mafuta. Mchanga mgumu tuliumaliza vizuri sana, hilo naomba liandikwe. Shida ilianza kwenye ule mchanga mkavu wa juu. Asubuhi tuliteremka, sasa tunapanda. Gari likapanda, likasita, tairi za mbele zikaanza kurusha mchanga, likakaa tumbo.

"Bonyeza hicho kitufe chako," akasema mke wangu.

"Nimeshabonyeza."

"Mkwe," sauti ikatoka nyuma, "mbona kioo cha huku kina moto?"

"Jua hilo, mama."

Jua lilikuwa upande wa pili, lakini huo haukuwa wakati wa kuchambua jua.

Nikashuka kukagua. Mbele yetu, juu kidogo tu, palikuwa na mstari wa mwani mkavu, vijiti, ndara moja ya kushoto na chupa za maji. Mama akauonyesha kwa kidole. "Pale ndipo yalipofika jana. Leo yatapita." Nikapima kwa macho kutoka ule mstari mpaka kwenye bampa. Tulikuwa chini yake.

Kwa bahati nilishaangalia video za watu wanaoendesha jangwani. Ukikwama mchangani unapunguza upepo wa tairi, tairi linatanuka, linaelea juu ya mchanga. Ni jambo la kweli na linafanya kazi. Nikachukua tairi la kulia, la kushoto nikampa Kadiri, nikamwonyesha namna ya kubonyeza pini ya valvu kwa kijiti, kidogo tu. Kadiri ni mtoto anayemaliza kazi yake. Niliporudi kumwangalia, rimu ilikuwa imelala mchangani na yeye bado amebonyeza, ulimi nje, anasikiliza kama kuna pumzi iliyobaki.

Hapo ndipo kilipotakiwa kile kipampu changu cha umeme cha Kariakoo, cha kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara. Mama Nasra alikuwa amekiita ufujaji wa pesa. Nikakichomeka. Kikapiga kelele, mbwa wawili wakakimbia, tairi likaanza kunyanyuka kweli, nikamtazama mke wangu kwa jicho la ushindi. Kisha kukawa kimya. Fyuzi. Iliondoka na redio pia, kwa hiyo tukabaki tunasikia mawimbi peke yake.

Wakati huo vijana wa ufukweni walikuwa wameshajikusanya, wavuvi, kiongozi wao jamaa mwenye kofia ya ukindu. Akamwamkia mama, akazunguka gari, akasema bei ni 30,000. Nikasema 15,000. Akaniuliza kwetu wapi. Kosa la kusema Tabora mtu hulifanya bila kujua lina gharama gani mbele ya Mzaramo.

"Kumbe mtani!" Akawaita na wenzake waliokuwa mbali. "Jamani, Mnyamwezi huyu! Mtani, babu zako si ndio walibeba pembe kichwani kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo? Leo kigari cha bati kinakushinda? Kibebe!"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikamjibu inavyotakiwa, kwamba babu zake ndio waliokuwa wanakaa Bagamoyo kungoja kuwauzia wapagazi maji ya kunywa. Akacheka, akanipa mkono. Tulipomaliza kutaniana wimbi likapiga tairi la nyuma, na bei ikawa 50,000. Nikasema 30,000, ile ile aliyoisema mwenyewe. Akasema ile ilikuwa ya maji ya mwanzo. Wimbi jingine likafika kwenye rimu. "Themanini, mtani. Mimi sipandishi, bahari ndiyo inapandisha."

Mlango wa ubavuni ukafunguka. Mama akashuka, kajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, viatu mkononi.

"Wanangu, kwetu Pangani tunavuta jahazi kwa chakula. Hiki ni nini?"

"Ni Noah, bibi."

"Haya. Elfu ishirini na sufuria la pilau."

Jamaa wa kofia akafunua mfuniko. Mvuke wa mdalasini ukatoka, nyama zinaonekana juu juu, za mbuzi. Hakuuliza tena kitu. Aligeuka akapiga mluzi, vijana wengine wakaja na kamba ya nanga na mbao.

Kamba niliifunga mimi, kwenye bampa la mbele, fundo tunalofungia mizigo ya magunia na halijawahi kufunguka. Halikufunguka. Wakavuta wote kwa pamoja, kukasikika mlio wa kupasuka, na bampa likaenda nchi kavu peke yake, likiwa na namba ya gari na taa moja ya ukungu. Bampa za siku hizi ni plastiki tupu, sijui tunakwenda wapi. Fundo langu lipo mpaka leo.

Ikabidi mmoja aingie chini kutafuta mahali pa chuma. Kijana mwembamba, kumbe amewahi kuwa saidia fundi Tandika. Akajilaza kwenye maji, tukaona miguu tu. Halafu sauti ikatoka uvunguni.

"Bosi, nani kakwambia hii ni fowili?"

"Imeandikwa."

"Huku nyuma hamna difu. Hamna propela. Tairi za nyuma hizi zinasindikiza tu."

Mwenzake akachungulia ndani ya gari, akaona kitaa kinawaka. "Na hiki kitufe, bro, ni cha kukausha kioo cha nyuma. Kikishika ukungu." Akanyoosha mkono akakigusa kioo. "Eeh, kimepata moto haswa."

Wapo wanaodhani nilifadhaika. Niliwaeleza pale pale kwamba katika Noah zote nilizokutana nazo masika haya, hakuna yenye kioo cha nyuma kikavu kama changu. Mama Nasra hakusema neno. Alizunguka nyuma ya gari, maji yakiwa yanamfika magotini, akaanza kuibandua ile stika kwa ukucha. Alianzia kwenye 4.

Mama akachukua kamba. Akaipitisha alipoonyeshwa na yule kijana, akafunga fundo dogo la kawaida tu, akalikaza kwa kuvuta mara moja. Mbao zikawekwa mbele ya tairi. Vijana wakashika kamba wakataka kuvuta, akawazuia kwa mkono.

"Ngojeni. Ngojeni wimbi."

Wote tukasimama tunatazama nyuma. Vidogo vikapita, akaviacha. Likaja moja pana, likaingia chini ya gari, na niliuona ule mkia wa Noah ukinyanyuka, kidogo sana, mchanga ukiachia kwa mlio wa kunyonya.

"Harambee!"

"Hee!"

"Harambee!"

"Hee!"

Mimi usukani, kitufe nimekizima kwa heshima ya wakubwa. Tairi zikakamata mbao, gari likaruka, likapita ule mstari wa mwani, likaipita ile ndara ya kushoto, likasimama minazini likichuruzika maji. Vijana wakashangilia. Mama akaokota viatu vyake akaenda kunawa miguu.

Pilau tuliliona likiliwa. Walitandika jani la mgomba, wakakaa duara, na kwa adabu wakatukaribisha, lakini mama akajibu kwa niaba yetu kwamba tumeshiba. Nasra alipewa ukoko. Sisi wengine tulikula chipsi mayai Kibada, tukimngoja fundi pancha amalize kujaza tairi, bampa likiwa limelala juu ya magoti yetu kutoka dirisha hadi dirisha. Kutoka hapo moja kwa moja kuosha gari uvunguni kwa maji baridi, maana chumvi ikilala usiku mmoja kwenye chuma imeshahamia. Muoshaji alitoa kaa mdogo kwenye springi, mzima, Kadiri akataka tumfuge.

Jumatatu nikampigia dalali. Nikamweleza yote kwa sauti ya kawaida, difu, propela na kioo. Akanisikiliza vizuri, sina ubaya naye hapo. Akasema yeye aliniuzia gari lenye kitufe, na kitufe si kinawaka? Nikamtaja wakili. Akanitaja Mungu. Tukaenda hivyo mpaka salio langu likawa linaelekea kwisha, ndipo akalegea, akasema sisi ni ndugu, hataki tugombane. Yuko tayari kunirudishia hela ya stika, shilingi 5,000. Ila niilete ikiwa nzima.