Kaole kwenye sarafu ya rangi: biashara au kuuza jina?

Bagamoyo, kwa wanaoishi kwa utalii, kuna hoja inayosikika: kwa nini magofu ya Kaole, mji wa kale wa Waswahili, yasichorwe kwenye sarafu ya madini ya fedha, ikapakwa rangi, ikauziwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani?

Hoja ina mashiko. Palau ilitoa sarafu ya rangi yenye viumbe wa baharini mwaka 1992, na baadaye visiwa kama Niue na Tuvalu vikaifanya biashara kubwa. Kiwanda cha nje hufua, hupaka na kuuza. Nchi hulipwa ada ya jina lake bila kununua hata mtambo mmoja. Sarafu yenyewe ni halali kwa malipo, lakini nani atalipia mkate kwa kipande cha fedha alichokinunua ghali?

Ila jina likikodishwa ovyo, aibu haiko mbali. Mwaka 2004 zilitoka sarafu za rangi za Somalia zenye umbo la gitaa, zimeandikwa dola moja. Somalia hutumia shilingi, na mwaka huohuo serikali yake ya mpito ilikuwa ikiundwa Kenya. Gitaa na Mogadishu wapi na wapi?

Mnunuzi naye ana yake. Mpelekee sonara sarafu ya rangi: ataitupa kwenye mizani, aunsi ya madini ya thamani ni gramu 31.1, atauliza usafi wa fedha, basi. Rangi haimhusu. Nyingine si fedha kabisa, ni shaba iliyopakwa fedha juujuu. Tena zipo sarafu za kawaida ambazo wafanyabiashara huzipaka rangi baada ya kutoka kiwandani. Hizo wakusanyaji wakongwe huziona zimeharibiwa, hata ziwe na cheti cha kuvutia namna gani.

Sisi tulishawahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za uhifadhi wa wanyamapori: twiga shilingi 25, kifaru shilingi 50, na duma wa dhahabu shilingi 1,500. Hazikuwa na rangi, lakini wanyama walikuwa wetu.

Kwa hiyo ya Kaole ningeikubali, mradi mkataba utaje zitafuliwa ngapi, na sehemu ya ada iende kukarabati magofu yenyewe. Anayetafuta akiba anunue madini ya fedha tupu, bila rangi. Na chache ziwekwe kwenye makumbusho ya Kaole, la sivyo wenyeji wataziona kwenye simu tu.