Ripoti ya mazingira isihame pamoja na afisa

Nikisifu kitu chochote cha Kanada, marafiki zangu wa Dar hunirushia baridi. Sawa, baridi ipo. Lakini kwenye kutunza kumbukumbu za tathmini ya athari kwa mazingira wametuacha mbali, na hela si sababu pekee.

Huku Kanada, Wakala wa Tathmini ya Athari wa serikali kuu una masjala mtandaoni. Mgodi au bandari inapewa namba, na chini ya namba hiyo unakuta ripoti, maoni ya wanaoupinga mradi, uamuzi na masharti. Unasoma ukiwa kitandani. Aliyesimamia mradi akistaafu, anayempokea anaona sharti fulani liliwekwa kwa hoja ipi.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Sheria nzuri tu. Nikiwa likizo niliulizia ripoti ya mradi mmoja wa pwani katika ofisi ambayo siitaji. Nikaambiwa aliyekuwa na faili kahamishwa kituo, nimpigie. Nikampigia. Muungwana kwelikweli: alinieleza maji yanakopita masika, mikoko ilikokatwa, hata mjumbe aliyegoma kusaini na kilichomfanya agome. Hakuna jalada lenye hayo. Yamo kichwani mwake, na kichwa chenyewe sasa kinashughulikia mambo mengine mkoa mwingine.

Tena vipimo vya awali, vya hali ya mazingira kabla ya mradi, vinabaki kwenye kompyuta za washauri elekezi. Mradi wa jirani ukija, mshauri mwingine analipwa kupima maji yaleyale.

Wakanada nao si malaika. Walipobadili sheria mwaka 2012, maelfu ya tathmini ndogo yalikatishwa njiani. Ninachowavulia kofia ni cha zamani zaidi, na hakikuhitaji intaneti: miaka ya 1970 Jaji Thomas Berger alizunguka jumuiya 35 za kaskazini, akiwasikiliza wawindaji na wazee kuhusu bomba la gesi la bonde la Mackenzie. Maneno yao yaliandikwa yote, yakahifadhiwa, na mpaka leo yanasomwa. Wavuvi wetu wa Kilwa nao huitwa mikutanoni. Wanachoambulia kwenye ripoti mara nyingi ni orodha ya mahudhurio.

Ningekuwa na mamlaka, afisa asingepata posho ya uhamisho kabla hajakaa siku mbili na mrithi wake, mtunza kumbukumbu akiwa pembeni anaandika.